Bima kubwa: wamekubali kulipa sampu (bakuli la oili chini ya injini), wamekataa injini iliyonoki kwa sababu ya sampu hiyo hiyo. Wana haki?

mwalimu_ipagala

Habari zenu wakuu. Naomba mwenye uzoefu wa madai ya bima anisomee hili hadi mwisho, maana barua niliyopokea imeninyima usingizi.

Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Naikatia bima kubwa kila mwaka, ile inayolipa hata gari yako mwenyewe, sijawahi kudai hata kioo. Safari hii gari ilithaminiwa milioni 12, nikalipa asilimia 3.5 na VAT juu yake, jumla 495,600. Ningeweza kukata ile ndogo ya 118,000 kama wenzangu wengi wa shuleni, lakini nasafiri sana kwenda kwa wazazi, nikasema bora nilipe niwe na amani.

Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi Dodoma kutoka msibani Kilosa, mimi na mama zangu wadogo wawili. Tumeingia barabara kuu pale Dumila, giza likatukuta tunapanda kuelekea Gairo. Mbele yangu kulikuwa na lori. Ghafla likakwepa kitu, na mimi nilipokiona kilikuwa tayari kwenye taa zangu: jiwe. Wanaopita njia hiyo wanayajua mawe hayo. Lori likiharibika mlimani, utingo anaweka jiwe nyuma ya tairi, wakimaliza kutengeneza wanaondoka na jiwe linabaki katikati ya lami. Kulia kwangu basi lilikuwa linashuka, kushoto ni ukingo unaoporomoka. Nikashika breki na kulipitisha katikati ya matairi. Kishindo chake tulikisikia miguuni.

Gari haikuyumba. Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi, mshale wa joto ulikuwa pale pale pa siku zote. Pale nilipokuwa huwezi kusimama, ni kona, hakuna pembezoni, na nyuma yangu malori yanapanda. Nikawasha taa za hazadi, nikaenda mdogo mdogo nikitafuta panapopanuka. Kabla sijafika, taa nyekundu ya oili ikawaka na injini ikaanza kugonga. Nikazima papo hapo, gari ikaserereka kwa msukumo wake hadi pembeni. Nilipomulika chini kwa simu, sampu ilikuwa imebonyea kwa ndani na imepasuka kwenye mshono, oili inadondoka, na mstari mweusi unaonekana kwenye lami kurudi tulikotoka. Nilipiga picha zote, za sampu, za mstari, za jiwe lenyewe baada ya kijana mmoja kunisindikiza kulisogeza pembeni. Polisi walipima, ripoti yao inasema wazi gari iligonga jiwe barabarani.

Sasa barua ya kampuni. Wanasema hivi: sampu, streina, gasketi na oili wanakubali, ni ajali. Injini hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, kunoki kwa injini ni "hitilafu ya kimitambo", na hitilafu ya kimitambo haimo kwenye bima. Pili, niliendelea kuendesha gari baada ya ajali. Mthamini wao ameongeza kuwa injini imetembea kilomita 148,000 na "yawezekana" ilikuwa na uchakavu. Mthamini huyo alikuja yadi, akapiga picha, akaondoka. Hakufungua hata boliti moja.

Hesabu yenyewe: vitu vya sampu ni 380,000. Eksesi yangu, yaani sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, ni 250,000. Maana yake watanilipa 130,000, na injini ya mtumba pamoja na kufunga nimepewa bei ya 2,300,000.

Mimi nafundisha fizikia. Nimejaribu kuitazama hoja yao kwa haki na bado siielewi. Liondoe lile jiwe barabarani, ubakize kila kitu kingine kama kilivyokuwa, injini ile ingefika Dodoma usiku ule. Sasa inakuwaje chanzo cha kupasuka sampu ni jiwe, lakini chanzo cha oili kuisha si jiwe?

Naomba kujua: wana haki? Na kama hawana, naanzia wapi?

---

gereji_kizota

Mwalimu pole sana, na poleni na msiba.

La kwanza kabisa: injini imeshafunguliwa? Kama bado, usimruhusu fundi yeyote aiguse, hata mimi, bila mthamini wao kuwepo au bila wewe kuwa na barua inayoonyesha uliwaita wakagoma. Injini iliyofunguliwa kimya kimya watakwambia umebadilisha vifaa. Na usiioshe gari chini. Mkwaruzo wa jiwe kwenye sampu ukiwa mpya chuma kinang'aa, ukikaa mvua mbili unaota kutu, halafu mtu anakuja anasema huu ni wa zamani.

La pili nataka ulielewe vizuri kwa sababu ndilo litakalokutoa. Hiyo 1NZ inakula lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta. Sampu yake ya chini ni bati. Ndani ya hiyo sampu kuna streina, mdomo wa pampu ya oili, na unakaa karibu kabisa na kitako. Jiwe likibonyeza bati kwa juu linaweza kuuziba ule mdomo hata kabla oili haijamwagika. Pampu inavuta kidogo, baadaye inavuta hewa. Ile taa nyekundu ya oili haipimi oili imebaki kiasi gani, inapima presha. Oili inaweza kuwa inamwagika njia nzima na taa imezimika kabisa, mpaka presha inapoanguka. Ikishawaka injini ikiwa inazunguka, beringi zimeshaanza kulika. Kwa hiyo wanaposema "uliendelea kuendesha", waulize: dereva alijuaje? Gari yenyewe ilikuwa bado haijamwambia.

La tatu, uchakavu unaonekana kwa macho. Ukifungua kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini, ukakuta alumini ya ndani ina rangi ya asali, injini hiyo ilikuwa inapata oili safi kwa wakati. Ukikuta tope jeusi limeganda kwenye kona na kwenye matundu ya kurudishia oili, hapo mthamini ana la kusema. Halafu beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na kranki, mhimili mkuu wa injini. Injini iliyokosa oili ghafla, beringi zinayeyuka uso, chuma cha kranki kinapata bluu ya moto. Injini iliyochoka polepole inalika taratibu kila mahali, silinda zinakuwa na ngazi, pete za pistoni zimelegea, na ulikuwa unaongeza oili kila wiki. Wewe ulikuwa unaongeza?

Kilomita 148,000 kwa 1NZ si uzee. Nazihudumia zenye mara mbili ya hizo, na zinafanya kazi ya teksi mtandao.

---

Mrangi_wa_Kondoa

Mwalimu usijipe matumaini makubwa. Shemeji yangu alipasua rejeta kwa kugonga mbuzi karibu na Babati, akaendesha kilomita 30 huku mshale wa joto umelala kwenye nyekundu kwa sababu alitaka kufika mjini. Silinda hedi ikapinda. Wakamlipa rejeta na bampa tu, hedi wakamwachia mwenyewe. Alilalamika kila mahali na kila mahali aliambiwa soma sharti.

---

dawati_la_madai

Nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, kwenye kitengo cha madai ya magari, na sasa nimeacha. Nitaanza na swali kisha nieleze.

Swali: kuna karatasi yoyote wamekupa usaini ili wakulipe hiyo 130,000? Ile hati ya kukubali malipo, disichaji vocha. Isome. Karibu zote zina sentensi inayosema umepokea malipo kamili na ya mwisho kwa tukio hilo na huna dai lingine lolote. Ukiweka sahihi pale umefunga mlango kwa mkono wako, na hakuna wakili atakayeufungua kirahisi. Watu wengi wanasaini kwa sababu wana shida ya pesa ya haraka na wanadhani la injini litaendelea pembeni. Haliendelei.

Sasa barua yao. Wamechanganya vifungu viwili tofauti, na kila kimoja kina jibu lake.

Kifungu cha kwanza kiko kwenye orodha ya mambo yasiyolipwa: uchakavu, kushuka thamani, na kuharibika au kuvunjika kwa mitambo na umeme wa gari. Kipo karibu kwenye kila bima kubwa Afrika Mashariki, maneno yanafanana kwa sababu yamerithiwa kutoka mikataba ya Waingereza. Lengo lake ni la haki kabisa: bima si sevisi. Taiming cheni ikikatika yenyewe, giaboksi ikifa kwa umri, alternata ikiungua, hayo ni ya mwenye gari. Lakini kifungu kinazungumzia ubovu unaotoka ndani ya mtambo. Kingesomwa kama wanavyokisoma wao, basi ukigongwa mbele na feni ikaingia kwenye rejeta wasingekulipa feni, maana feni nayo "imevunjika kimitambo". Kila kitu ndani ya gari ni mtambo. Kwa usomaji huo bima kubwa ingebaki ya rangi na vioo.

Kifungu cha pili ndicho kizito, na ndicho kilichompata shemeji yake Mrangi. Kiko kwenye masharti, si kwenye orodha ya yasiyolipwa. Kinasema baada ya ajali au kuharibika, mwenye gari achukue tahadhari zinazofaa kuzuia hasara isiongezeke, na gari ikiendeshwa kabla ya matengenezo yanayohitajika kufanyika, hasara itakayoongezeka hailipwi. Kifungu hiki hakitaji kama dereva alijua au hakujua, na kampuni itang'ang'ania hapo. Usikidharau, na usifanye kama hukukiona. Jibu lake ni maelezo ya ukweli: umbali gani, muda gani, dashibodi ilionyesha nini, mahali pale palikuwaje, na ulifanya nini sekunde taa ilipowaka. Mtu aliyesogea kutoka kwenye kona ya mlima usiku ili asigongwe na lori ndiye aliyechukua tahadhari. Mtu aliyeamua kufika mjini na taa nyekundu ni mwingine kabisa.

Na hilo neno "yawezekana" la mthamini lipigie mstari. Mthamini hajafungua injini. Huwezi kukataa dai la milioni mbili kwa yawezekana. Omba nakala ya ripoti yake nzima kwa maandishi, si muhtasari wa kwenye barua. Mara nyingi ripoti yenyewe inasema mambo ambayo barua imeyaacha.

---

mwalimu_ipagala

Nashukuru sana, ninyi mmenisaidia kuliko mtu yeyote niliyempigia simu wiki hizi zote.

Kwa @dawati_la_madai: sijasaini. Hati wanayo, iko na jina langu tayari, na dada wa mapokezi alinibembeleza kweli kweli nichukue hiyo 130,000 "wakati la injini linaangaliwa". Nimeisoma tena leo. Inasema kamili na ya mwisho.

Kwa @gereji_kizota: injini haijaguswa. Siongezi oili, naikuta ilipo hadi siku ya kubadilisha. Kadi zote za sevisi ninazo, nazihifadhi kwenye bahasha moja na stakabadhi za oili, kwa sababu baba alikuwa dereva wa serikali na alitulea hivyo.

Kuhusu umbali. Picha za simu yangu zimehifadhi mahali zilipopigwa, ya jiwe na ya gari iliposimama. Nimezipima kwenye ramani: kama mita 600. Mwendo wangu haukuzidi kilomita 30 kwa saa, ule ni mlima na nilikuwa na hazadi. Hiyo ni sekunde 72. Ndani ya sekunde hizo 72 taa ilikuwa imezimika karibu muda wote. Ilipowaka nilizima injini kabla hata mama mdogo hajamaliza kuuliza "hiyo ni nini".

Kilichonikera kwenye barua ni maneno "mteja aliendelea na safari". Nani aliendelea na safari? Safari iliishia pale. Tulilala Gairo kwa watu wasiotujua.

---

wakili_mtaani

Naomba niongeze la kisheria, kwa sababu swali la mwalimu kuhusu jiwe ni swali ambalo mahakama zimelijibu zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kwenye bima tunatafuta chanzo chenye nguvu kilichozaa hasara, na hicho si lazima kiwe tukio la mwisho kwa saa. Kesi inayofundishwa kila chuo cha sheria ni ya Leyland Shipping dhidi ya Norwich Union, iliyoamuliwa na Baraza la Mabwana la Uingereza, mahakama yao ya juu kabisa wakati huo, mwaka 1918. Meli ya Ikaria ilipigwa torpedo na Wajerumani Januari 1915. Haikuzama. Ikafikishwa bandari ya Le Havre ikiwa na tundu ubavuni. Pale gatini upepo mkali ukaanza kuigongesha ukutani, wakuu wa bandari wakaogopa itazama na kuziba gati, wakaihamishia nje. Huko ikawa inakaa chini kila maji yakitoka na kuelea kila yakijaa, hadi ikavunjika mgongo na kuzama. Wenye meli walikuwa na bima ya hatari za bahari, lakini isiyolipa matokeo ya vita, kwa hiyo walidai kilichoizamisha ni bahari. Majaji wakasema hapana, ni torpedo. Meli haikuwahi kutoka kwenye mkono wa lile torpedo tangu lilipoigonga, na yaliyofuata yalikuwa mwendelezo wake.

Safari ile aliyeshinda alikuwa kampuni ya bima. Sasa hoja ile ile inafanya kazi kwako. Kama torpedo ndilo lililozamisha meli iliyozama baadaye bandarini, basi jiwe ndilo lililonokisha injini iliyonoki mita 600 mbele. Hakukuwa na kitu kipya, huru, kilichoingia katikati. Kampuni itasema kuendesha kwako ndicho kitu kipya. Hapo ndipo zile sekunde 72 na mahali penyewe vinapokuwa na uzito, na ningekushauri uvieleze kwa kirefu kuliko kitu kingine chochote.

Kwa watakaouliza meli ya Waingereza inatuhusu nini: Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, ilipokea kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Uamuzi huu ulikuwa umeshatolewa.

Mawili mengine kwa kifupi. Anayetegemea kifungu cha kujitoa, yaani cha yasiyolipwa, ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba mambo yameangukia humo, kwa hiyo mzigo wa kuonyesha uchakavu ni wao. Na maneno ya mkataba yakiwa na maana mbili, husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Mkataba huu hukuuandika wewe.

---

pwani_kavu

Mimi nipo Mombasa, huku nako mambo ni yale yale. Jirani yangu alivunja sampu kwa tuta lisilopakwa rangi kule Mariakani. Kampuni ikaanza na neno hilo hilo la mechanical breakdown. Alichofanya ni kuwauliza kwa barua: kama ni breakdown, sampu mnailipa kwa nini? Ajali moja haiwezi kuwa ajali kwa nusu. Walimlipa bila kufika mbali. Mwalimu kaza hapo hapo.

---

dawati_la_madai

@pwani_kavu ni hoja nzuri lakini mwalimu asiitegemee peke yake. Kampuni yenye wakili mzuri itajibu kwamba ajali ni moja na hasara ni mbili, na ya pili imeongezeka kwa kuendesha. Hapo jibu ni lile la tahadhari, si la "mbona sampu mmelipa".

---

binti_wa_Magomeni

Nilipitia vita kama hii kwa sababu ya maji. Mvua za masika, foleni Jangwani, maji yakapanda ghafla tukiwa katikati, Vitz yangu ikavuta maji kwa kwenye chujio la hewa ikazimika. Konrodi mbili zilipinda, maana maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta kuna kitu lazima kipinde. Kampuni ikaandika hitilafu ya kimitambo. Nikawajibu kwamba konrodi hazipindi kwa uzee.

Njia niliyopita ni hii. Niliandika kwanza kwa mkurugenzi wa kampuni yenyewe, siyo kwa wakala aliyeniuzia stika, nikaomba jibu la mwisho kwa maandishi lenye namba ya kifungu. Wakala ni mtu mzuri lakini hana mamlaka, nilipoteza muda mwingi kwake. Lilipokuja jibu la kukataa nikalipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, sheria hiyo hiyo iliyounda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Sikulipa ada na sikuwa na wakili. Walituita pande zote mbili tukae meza moja. Mtu wa kampuni alikuja na barua ile ile, mimi nikaja na konrodi kwenye mfuko wa rambo. Msuluhishi alimwomba mthamini aeleze ilipindaje bila maji. Alinyamaza. Tukakubaliana siku ile ile.

Wewe upo Dodoma, TIRA wako hapo hapo mjini kwako. Nenda na nakala, usiache hata karatasi moja halisi mezani kwa mtu. Na kama unaogopa kwamba ukilalamika watakuwekea alama mbaya, hapana, hawakuwekei. Nimeendelea kukata bima na kuhudumiwa kama kawaida, kwenye kampuni nyingine.

---

mwalimu_ipagala

Ndugu zangu, narudi na taarifa.

Nilimwandikia mkurugenzi wa kampuni. Naiweka barua hapa, nimetoa majina, anayetaka aitumie:

"Napinga uamuzi wenu wa kukataa sehemu ya injini katika dai langu. Injini iliharibika kwa kukosa oili. Oili ilipotea kwa sababu sampu ilipasuliwa na jiwe, jambo ambalo ninyi wenyewe mmelikubali kuwa ajali, na ripoti ya polisi inalithibitisha. Kifungu cha hitilafu ya kimitambo kinahusu ubovu unaotoka ndani ya mtambo. Kuhusu sharti la tahadhari: gari iligonga jiwe kwenye kona, usiku, mlimani, mahali pasipo na pembezoni. Nilisogea takriban mita 600 kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa hadi mahali salama. Hakuna taa ya tahadhari iliyokuwa imewaka. Taa ya presha ya oili ilipowaka nilizima injini papo hapo. Kusimama pale kungehatarisha maisha ya watu watatu na gari mnayoikinga. Naomba nakala kamili ya ripoti ya mthamini, na naomba injini ifunguliwe mbele ya mthamini wenu na fundi wangu kwa siku mtakayoitaja. Hadi hapo injini haitaguswa, na sitasaini hati yoyote ya malipo kamili na ya mwisho."

Waliipokea, wakagonga muhuri kwenye nakala yangu. Ripoti ya mthamini ilipokuja, @dawati_la_madai alikuwa sahihi: ndani kuna sentensi inayosema "injini ifunguliwe ili kubaini chanzo", na sentensi hiyo haikuwekwa kwenye barua niliyopewa mimi.

Siku ya kufungua alikuja mthamini mwingine, mzee mtaratibu sana, ana miwani na tochi ndogo ya mfukoni. Kifuniko cha tapeti kilipotoka akainama, akapitisha kidole juu ya alumini, akakitazama kidole chake, akamwonyesha fundi. Hakikuwa na tope. Sampu ilipoteremshwa tukaona streina imebanwa bapa upande mmoja, na ndani ya bati kuna alama ya mviringo pale mdomo wake ulipogongwa. Beringi mbili za konrodi zilikuwa zimeyeyuka uso, na kranki ilikuwa na bluu pale pale zilipokaa. Nyingine zilikuwa nzima. Mzee alipiga picha kila kimoja, akaniuliza kadi za sevisi, akazisoma zote amesimama. Hakusema neno la kunipa moyo wala la kunikatisha tamaa, ila alivifunga vile vifaa kwenye mfuko, akaandika namba ya gari juu yake, akasaini, akaniambia na mimi nisaini.

Jana nimepigiwa simu, na leo barua imefika: wanakubali injini. Wanataka kukata asilimia 30 kwa hoja kwamba napata injini bora kuliko niliyokuwa nayo. Na gharama ya breki dauni, gari lililonivuta kutoka Gairo, wanasema wataitazama baadaye.

---

dawati_la_madai

Hongera mwalimu. Hilo la asilimia 30 lijibu kabla hujasaini. Makato ya uboreshaji yana mantiki mtu anapofungiwa kitu kipya mahali pa cha zamani. Wewe unafungiwa injini ya mtumba mahali pa injini ya mtumba. Waombe wataje injini wanayokufungia ni bora kwa lipi, kwa kilomita ngapi, na wamejuaje. Kuhusu breki dauni, tazama ratiba ya mkataba wako, huwa kuna kiasi kimetajwa cha kuvuta gari hadi gereji ya karibu. Kama kipo, ni haki yako. Na eksesi wanakata mara moja kwa tukio zima, angalia wasikukate kwenye sampu kisha tena kwenye injini.

---

mwalimu_ipagala

Nimeangalia sasa hivi. Eksesi wameikata mara mbili. Kuvuta gari ipo kwenye ratiba, laki tatu. Naandika barua nyingine usiku huu, kesho nikitoka kipindi cha kwanza naipeleka.